PROSESERE NA KARTE-MERE: NAMNA YA KUZICHAGUA BILA KUTUPA FEZA



Wengi wameniuliza tangu mwanzo wa mwaka: "Mwalimu, ile ordinatere ya shule iko wapi?" Wengine wanauliza kwa heshima, wengine wanauliza na kucheka pembeni. Jibu ni hili: iko ndani ya kabati la labo ya fizikia, katika kartoni, na haijawaka hata siku moja. Mimi ndiye niliyenunua vipande vyake. Feza ilikuwa yenu, dola 145, ambazo kalasi nne zilikusanya kwa kuuza mandazi na kufyatua matofali wakati wa likizo kubwa. Niliulizwa na Bwana Prefe, nikamweleza. Sasa ni zamu ya kuwaeleza ninyi, maana ninyi ndio mliotoka jasho.

Tunaanza kukusanya tena. Mbele ya kutoa franga moja, ni haki yenu kujua ni kitu gani kitanunuliwa na juu ya nini. Tena wengine mna kaka ao wajomba mjini ambao wanataka kujifungia ordinatere ya nyumbani kwa feza kidogo. Habari hii itawafaa na wao. Ninaandika ordinatere kama tunavyosema hapa kwetu. Wenzetu wa Tanzania wanaandika kompyuta, ni kitu kile kile.

Fungueni kisanduku cha ordinatere ya mezani. Ubao mpana wa kijani ao mweusi unaofunika karibu upande mzima, huo ndio karte-mere. Kila kitu kinachomekwa juu yake: memware, disiki, klavie, ekra, nyaya za umeme. Chini ya vantilatere kuna kipande cha mraba, upana wake karibu sentimeta 4 tu. Hicho ndicho prosesere. Prosesere inahesabu. Karte-mere haihesabu, kazi yake ni kupeleka habari na umeme kutoka fasi moja mpaka fasi nyingine. Hivi viwili vinachaguliwa pamoja, sawa na kufuli na funguo yake. Mtu akinunua kimoja leo na kingine kesho bila kuangalia kama vinajuana, atafanya kama mimi.

Lakini swali la kwanza si prosesere gani. Swali la kwanza ni kazi gani. Sisi tunataka kuandika gazeti hili, kupiga maulizo ya mitihani, kuhesabu pointi za wanafunzi katika tablo, na kusoma Wikipedia bila intaneti kwa njia ya programu inayoitwa Kiwix, ambayo inaweka kurasa zote ndani ya disiki. Hatuchezi michezo ya vita na hatutengenezi filamu. Kwa kazi kama hizi, prosesere yenye mioyo 4 inatosha kabisa. Neno "mioyo" linatoka kwa Wafaransa: moyo mmoja ni sehemu moja inayoweza kuhesabu peke yake, basi prosesere ya mioyo 4 ni kama wanafunzi wanne ubaoni, kila mmoja na zoezi lake. Zingine zinafanya moyo mmoja ushike mazoezi mawili pamoja. Ndiyo maana mtaona imeandikwa mioyo 4, nyuzi 8.

Wauzaji wanapenda kutaja gigaherzi. "Mwalimu, hii iko na 3.6!" Gigaherzi ni mara ngapi prosesere inapiga hatua katika sekunde moja, hesabu ya milioni elfu. Ni vizuri kuijua, lakini haisemi hatua ina urefu gani. Pentium 4 ya mwaka 2004 ilifika gigaherzi 3.8, na ilikuwa na moyo mmoja. Core i3-8100 ya mwaka 2017 iko na 3.6, yaani pungufu, na mioyo 4. Pentium ile haiwezi hata kuikaribia, kwa sababu katika kila hatua prosesere ya nyuma inafanya kazi nyingi zaidi. Mtoto anakimbia hatua tatu, baba anapiga hatua moja, wanafika pamoja. Basi msilinganishe gigaherzi za miaka mbalimbali.

Udanganyifu wa pili ni lile jina "i7". Mjini watu wanalipenda sana. Wanafikiri i3 ni ya maskini, i5 ni ya watu wa kati, i7 ni ya wakubwa. Ndani ya kizazi kimoja ni kweli. Lakini vizazi vinapita. Chukua i7-2600 ya mwaka 2011: mioyo 4, nyuzi 8, wati 95. Chukua i3-12100 ya mwaka 2022: mioyo 4, nyuzi 8, wati 60. Hesabu ya mioyo ni moja, lakini hii ndogo ya 2022 inaishinda ile kubwa mbali sana, na inakula umeme kidogo. Kizazi kinasomwa katika tarakimu za kwanza baada ya alama: i5-4570 ni kizazi cha 4, i3-8100 ni cha 8, i3-10100 ni cha 10, i3-12100 ni cha 12. Mtu akikwambia "ni i7" na kunyamaza, muulize tarakimu zinazofuata. Akikataa kukuonyesha, rudisha feza mfukoni.

Kisha kuna herufi ya mwisho. Herufi moja inaweza kukuacha na ekra nyeusi. Kwa prosesere za Intel, F inamaanisha kwamba ndani yake hakuna sehemu ya kutoa picha. i3-12100 inatoa picha yenyewe. I3-12100F haitoi, inataka karte grafike ya pekee, na karte grafike ni feza ingine. Kwa sababu F iko na bei ya chini, muuzaji anaileta mbele: "Ni ile ile, mwalimu, nimekupunguzia." Si ile ile. Kwa AMD, katika prosesere za Ryzen zilizotoka mbele ya kizazi cha 7000, mambo yanageuka: bila herufi G, picha hakuna. Ryzen 5 5600G inatoa picha, Ryzen 5 5600 haitoi, ingawa hii ya pili ina nguvu zaidi kwa mtu mwenye karte grafike. K ya Intel inaruhusu kuisukuma kupita mwendo wake wa kiwanda, na kwa kawaida haiji na vantilatere ndani ya kartoni. Hiyo si ya kwetu.

Sasa tufike kwenye kosa langu.

Prosesere inakaa katika kiti juu ya karte-mere, kinaitwa soketi. Kila soketi ina jina, mara nyingi ni hesabu ya fasi za kugusana. LGA 1150 ina fasi 1150, LGA 1151 ina 1151, na kadhalika. Mimi nilijua hivyo, nikafikiri inatosha. Katika duka la kwanza nilipata karte-mere yenye soketi 1151, chipseti yake H110. (Chipseti ni kipande kingine juu ya ubao kinachosimamia disiki na mashimo ya klavie na mengine; jina lake ndilo linalokuonyesha ubao ni wa kizazi gani.) Katika duka la pili nilipata ile i3-8100, nayo ni 1151. Nilimwonyesha muuzaji ubao. Akasema: "Usiogope, mwalimu. Bote ni 1151, bitaingia tu." Na kweli viliingia. Prosesere ilikaa vizuri, mkono wa chuma ukafunga bila kulazimisha. Nilirudi shuleni ninaimba.

Mnakumbuka ile siku ya Jumamosi. Vantilatere ilizunguka, watoto wa kalasi ya kwanza wakapiga makofi, na ekra ikabaki nyeusi. Tulibadilisha memware, tukabadilisha waya wa ekra, tukaazima ekra ya ofisi. Nyeusi.

Kumbe kuna 1151 mbili. Ya kwanza ilitoka mwaka 2015 kwa vizazi vya 6 na 7, na mbao zake zina chipseti kama H110, B150, H270. Mwishoni mwa 2017 Intel ilitoa kizazi cha 8 chenye mioyo mingi zaidi, na mioyo mingi inataka umeme mwingi. Wakachukua fasi ambazo zamani hazikuwa na kazi, wakazigeuza kuwa njia za umeme. Hesabu ilibaki 1151, umbo likabaki lile lile, lakini kizazi cha 8 na cha 9 kinataka chipseti za safu ya 300: H310, B360, Z370 na ndugu zao. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Aliyenifunulia jambo hili ni kijana aliyemaliza hapa shuleni, alipopita kutusalimia. Alisoma jina la ubao, akafungua ukurasa wa kiwanda katika telefone yake, akanionyesha orodha ya prosesere zinazokubaliwa. i3-8100 haikuwa ndani. Kazi ya dakika tatu. Nilikuwa na telefone mfukoni siku ile ya kununua, na kulikuwa na rezo.

Nilirudi dukani. Kwenye fakitire kulikuwa kumeandikwa kwamba kitu kilichouzwa hakirudishwi. Sikuwa na la kusema.

Basi andikeni: si soketi peke yake. Ni soketi, chipseti, na ile orodha ya kiwanda. Kila karte-mere ina jina lake kamili limeandikwa juu ya ubao wenyewe kwa herufi nyeupe, mara nyingi katikati ya mashimo ya memware na prosesere. Jina hilo likiandikwa katika intaneti linaleta ukurasa wa kiwanda, na ndani yake kuna orodha ya prosesere. Ukurasa huo ndio unaoamua. Si muuzaji, si mwalimu wa fizikia.

Intel imebadilisha viti mara nyingi: 1150 mwaka 2013, 1151 mwaka 2015, ile 1151 ya pili mwaka 2017, 1200 mwaka 2020, 1700 mwishoni mwa 2021, 1851 mwaka 2024. Hata ndani ya 1200 kuna mtego: mbao za H410 na B460 zilitengenezwa kwa kizazi cha 10, na kizazi cha 11 kwa kawaida hazikipokei, ingawa kinaingia. AMD ilifanya namna ingine. Kiti chake AM4 kilianza mwaka 2016, prosesere za Ryzen zikaanza kukalia humo mwaka 2017, na mwaka 2022 bado walikuwa wanatoa Ryzen mpya za kiti kile kile. Mtu aliyenunua ubao wa AM4 mapema anaweza leo kutoa prosesere dogo na kuweka kubwa bila kutupa ubao. Kwa watu wanaokusanya dola moja moja, hiyo ni faida kubwa kuliko gigaherzi.

Lakini na AM4 ina miiba yake. Ndani ya karte-mere kuna programu ndogo inayoamka ya kwanza, inaitwa biosi. Ubao wa mwaka 2018 bado haujui prosesere ya 2021, mpaka biosi yake ifanywe mpya. Na kuifanya mpya kunataka ordinatere iwake, na haiwaki bila prosesere unaoujua! Mbao zingine zina kifungo nyuma kinachoruhusu kuweka biosi mpya kwa ufunguo wa USB bila prosesere. Nyingi za bei ndogo hazina. Dawa ni kumwambia muuzaji akuwekee biosi mpya pale dukani, na akuonyeshe. Mwiba mwingine ni Ryzen 3 3200G ya mwaka 2019. Kwa jina ni ya safu ya 3000, na mbao za A520 na B550 zinapokea safu ya 3000. Lakini hii yenye G, ndani yake ni ujenzi wa kizazi cha nyuma, na mbao hizo hazikuiweka katika orodha yao. Inataka A320, B350, B450 ao X470. Mtu anaweza kununua vyote viwili vikiwa vipya kabisa, na visiwake. Mnaona kwamba si mimi peke yangu.

Memware. Hapa karte-mere ndiyo inayotoa amri. DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo lake kila moja, na moja haiingii fasi ya ingine. Ukiona inakataa usilazimishe. Mbao za LGA 1150 karibu zote ni DDR3. AM4 ni DDR4 peke yake. AM5, kiti kipya cha AMD cha mwaka 2022, ni DDR5 peke yake, na hiyo ndiyo sababu siitaji tena katika barua hii: memware yake itatula. LGA 1700 iko na mbao za DDR4 na mbao za DDR5, jina karibu sawa, basi angalieni. Memware ya laptopu ni fupi, haifai kwa ubao wa kawaida wa mezani. Kwa kazi zetu giga 8 zinatosha, na afadhali vipande viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, kwa sababu prosesere inayotoa picha yenyewe inaazima memware hiyo hiyo, na vipande viwili vinaifungulia njia mbili. Ikiwa ubao una mashimo mawili tu, mwenye kufikiri mbele anaweka kimoja cha 8 na kuacha shimo moja kwa mwaka ujao. Mimi ningefanya hivyo.

Sasa ubao wenyewe. Ukiwa wa kuazima mkono wa pili (na wetu utakuwa hivyo), uangalie kwa mwanga mzuri. Katika soketi za Intel za LGA, pini ziko juu ya ubao, nyembamba kama nywele. Inamisha ubao, tazama mistari ya pini kama unavyotazama mistari ya mahindi shambani, ikiwa moja imelala utaiona mara moja. Kwa AM4 ni kinyume, pini 1331 ziko chini ya prosesere, ndiyo hiyo unayopaswa kugeuza na kutazama. Angalia makondensatere, vile vimtungi vidogo: kichwa kikivimba ao kikitoa maji ya kahawia, acha. Angalia kama kuna fasi ya VGA nyuma, kwa sababu ekra zetu mbili za ofisi ni za zamani na hazina HDMI. Angalia fasi ya M.2 kama ipo, siku moja tutaitaka. Betri ndogo ya mviringo, CR2032 ya volti 3, ikiwa imekwisha saa inarudi nyuma kila mara umeme unapokatika. Hiyo haiharibu biashara, betri inapatikana sokoni.

Usilipe kwa ajili ya taa za rangi. Usilipe kwa ajili ya chipseti zenye herufi Z ao X, kwa sababu bei yake ni ya kusukuma prosesere kupita mwendo wake, na sisi hatusukumi. H610 kwa Intel, A520 ao B450 kwa AMD, hizo ni za kiasi chetu.

Umeme. Wote mnajua namna moto unavyokuja na kwenda hapa kwetu, na namna volti zinavyoruka unaporudi. Juu ya hiyo tunatafuta prosesere ya wati 65 ao chini. Tuhesabu: tuseme ordinatere pamoja na ekra inakula wati 80. Saa 4 za kazi ni wati-saa 320. Betri ya asidi ya volti 12 na ampere-saa 100 inabeba 1200 kwa karatasi, lakini haifai kuimaliza kupita nusu, inabaki 600, na ondilere nayo inakula sehemu yake. Basi jioni moja ya kuandika gazeti inawezekana bila grupe. Kwa ile i7 ya wati 95 na karte grafike ya zamani, hesabu hii inavunjika. Tena msiweke akili yote kwenye prosesere mkasahau kisanduku cha umeme, alimantasio. Alimantasio mbaya ikifa inaweza kufa pamoja na ubao. Itoe waya wa pini 24 kwa ubao na wa pini 4 ao 8 kwa prosesere.

Kuna wanaosema: kwa nini kufunga wenyewe, si tununue ordinatere ya ofisi iliyotumika, ikiwa kamili, zile zinazoletwa kwa kontena kutoka Dubai ao Ulaya? Ni neno la akili, na sitalipinga. Ukitaka tu mashini moja ya kuandikia, na feza ni kidogo sana, hiyo ndiyo njia ya bei ndogo, na unaiona inawaka mbele ya kulipa. Shida yake inakuja baadaye. Viwanda vikubwa vinavyouza ordinatere kwa maofisi mara nyingi vinatengeneza karte-mere ya umbo lao, na plagi ya umeme ya kwao. Alimantasio ikiungua, ya sokoni haiingii. Ubao ukiharibika, ubao wa kawaida haukai katika kisanduku kile. Tena prosesere zingine za AMD zilizotolewa katika mashini za namna hii zimefungwa na kiwanda, zikiwekwa katika ubao wa kiwanda kingine hazikubali kuwaka. Kwa shule, ambapo mashini inapaswa kuishi miaka kumi na kutengenezwa na wanafunzi, mimi ninapendelea vipande vya kawaida. Wengine katika kamati wanafikiri tofauti, na mkutano utaamua.

Neno moja juu ya Windows. Microsoft iliacha kutunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kanuni yake inataka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, ao Ryzen ya safu ya 2000 na kuendelea (si zote), pamoja na kitu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa hiyo mtu atakayekuuzia i5-4570 kwa bei ya raha anakuuzia mashini ambayo Windows 11 haiitambui. Lakini Linux inaipokea bila matata, na ni ya bure, na LibreOffice inaandika barua na tablo vizuri. Kwa nyumba ya mwanafunzi, i5-4570 yenye mioyo 4, memware giga 8, disiki ya SSD na Linux, bado ni mashini nzuri. SSD yenyewe itamfurahisha kuliko kubadilisha prosesere. Ordinatere nyingi zinazoitwa "zimechoka" zimechoka disiki tu.

Hivi ndivyo ninavyopendekeza kwa shule. Kwanza: ubao wa B450 wa mkono wa pili wenye fasi ya VGA, na Ryzen 3 3200G: mioyo 4, wati 65, inatoa picha yenyewe. Feza ikifika mbali zaidi, Ryzen 5 5600G, mioyo 6, nyuzi 12, wati 65 vile vile, kwenye B450 ile ile yenye biosi mpya ao kwenye A520. Tukianza na ile ndogo, kubwa tutaiweka mwaka ujao na ndogo itaenda kwenye mashini ya pili. Ikikosekana kabisa, i3-12100 isiyo na F pamoja na H610 ya DDR4. Prosesere na ubao pamoja visipite nusu ya feza tutakayokuwa nayo, ili ibaki ya SSD, memware na alimantasio nzuri.

Safari hii hatutanunua katika maduka mawili. Prosesere, ubao na memware vitatoka kwa mtu mmoja, naye atavifunga juu ya meza yake, atamulika ekra, na sisi tutaingia katika biosi kusoma jina la prosesere. Hapo ndipo ujanja unaonekana, kwa sababu kifuniko cha chuma kinaweza kuandikwa i7 na ndani ikawa kitu kingine, lakini biosi inasema jina la kweli. Tutaandika namba za vipande kwenye fakitire, na sahihi yake. Noti zote ziwe safi. Mnajua dola yenye mkato mdogo inakataliwa. Na sitaenda peke yangu. Wanafunzi wawili wa kalasi ya sita Math-Physique watakuja pamoja nami, mmoja kushika feza, mmoja kushika telefone yenye ile orodha ya kiwanda. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama mimi nimesema ndiyo.

Kufunga tutafanya hapa labo, na anayependa kuona aje. Kwa ufupi: gusa chuma cha kisanduku kwanza ili umeme wa mwilini utoke, tafuta pembe yenye alama ya pembe tatu juu ya prosesere na juu ya soketi, zikutane, iache ikae kwa uzito wake yenyewe, usiisukume, mafuta ya joto kiasi cha punje ya haragi, si kijiko, kisha vantilatere, na waya wake umekwe kwenye fasi iliyoandikwa CPU_FAN.

Mkutano wa kamati ni Jumamosi, saa nne, katika labo. Tablo ya feza ya mwaka jana, pamoja na fakitire zote mbili, imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha walimu.

Kuhusu vile vitu vya kabatini: i3-8100 bado ni nzima, inangoja ubao wa H310. Ubao wa H110 nao ni mzima, unangoja prosesere ya kizazi cha 6 ao cha 7, kwa mfano i3-6100 ao Pentium G4560. Kama kuna mtu nyumbani kwao, ao kwa jirani fundi, ana kimojawapo na anakubali kubadilishana, aniambie. Asilete tu bila kwanza kuniandikia jina lote, na tarakimu zote, na herufi ya mwisho.

Mwalimu wa Fizikia